Kadi ya Masikio Mazima

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu na Chiriku wetu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, kidole chako kilichobanwa na ubao kimepona, na lile paa la jikoni halivuji tena. Sisi huku hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo hauna kasoro hata kidogo. Jana alimgombeza muuza mkaa mpaka mtu wa watu akaomba radhi kwa kosa ambalo hadi sasa halijui. Anakusalimu, na anauliza mbona hukumtumia picha ya mtoto akiwa na sare ya shule kama ulivyoahidi. Nimemwambia una kazi nyingi, akasema hata yeye alikuwa na kazi nyingi siku aliyokuzaa.

Najua utaigeuzageuza bahasha hii na kujiuliza dada ana shida gani siku hizi za simu. Lakini simu kwako ni ya kumpa mkeo aongee, na ujumbe wa simu ni mfupi mno kwa jambo nililonalo. Nimemkabidhi dereva wa lori la mbao, nikamwambia akupe wewe mkononi, si mwingine. Isome ukiwa umekaa, na uisome yote kabla hujakasirika. Nakufahamu, wewe hukasirikia ukurasa wa kwanza.

Nianze na kazi, maana jambo lenyewe limeanzia kazini. Kila ukija huku unaniuliza huwa nafanya nini kutwa nzima, nami nakujibu kwamba natengeneza kamusi, nawe unacheka na kusema maneno si yapo tayari, watu wanayatumia bure barabarani. Basi leo nikueleze vizuri. Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Chumba cha kwanza kina meza nne na dirisha lisilofunga sawasawa. Cha pili kina makabati (mbao mbovu, ungeziona ungelia), na ndani ya makabati kuna masanduku, na ndani ya masanduku kuna kadi. Kila kadi ina neno moja, sentensi moja ya mtu aliyelitumia, kazi ya mtu huyo, tarehe, na sahihi ya aliyeiandika kadi. Hatuingizi maana yoyote kwenye kamusi bila kadi. Ukijitia kujua kwamba neno fulani lina maana fulani, Mhariri Mkuu hakubishii. Anakunyooshea kiganja tu, kama anayedai tiketi, mpaka umpe kadi.

Huyu Mhariri Mkuu ni mama mmoja mfupi mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kututazamia sisi. Mwezi uliopita alinigawia neno sikia pamoja na ukoo wake: sikio, sikika, sikiliza, sikilizana, usikivu. Nilidhani nimepata mteremko. Nani asiyejua kusikia? Nilijiambia siku tatu zinatosha, na leo nina wiki ya tano nalo.

Maana ya kwanza haikunisumbua, kupata sauti kwa masikio. Lakini nilipofungua sanduku nikakuta kadi za sauti ni chache kuliko nyingine zote. Mpishi wa shule anasikia harufu ya kuungua. Mlinzi anasikia baridi. Mgonjwa anasikia maumivu ubavuni, bibi harusi anasikia haya, mwanafunzi anasikia usingizi, na mama mmoja alipoulizwa kama mgeni wake anasikia Kiswahili, akajibu anasikia kidogo, yaani anaelewa. Pua, ngozi, tumbo, moyo, akili, vyote vinasikia. Mhariri Mkuu akaniambia hilo si la Kiswahili peke yake. Hata katika lugha nyingi jamaa zake, ambako neno lenyewe lina sauti nyingine kabisa, kazi ni ileile na mzigo ni uleule. Kiungo kimoja tu hakimo, nacho ni jicho. Jicho lina neno lake na haliazimi kwa mtu. Nilipekua masanduku yote, sikukuta kadi hata moja ya mtu aliyesikia kwa macho.

Kuhusu asili ya neno tuligombana siku mbili. Mwenzangu wa meza ya pili, ambaye tunamwita Profesa kwa sababu ndicho kitu alichokosa kuwa, alishikilia kwamba sikio limezaliwa na sikia, kama pigo lilivyozaliwa na piga. Mimi nikasema mbona isiwe kinyume, mtu apate kiungo kwanza ndipo apate kazi ya kiungo. Kisha akaleta na sikitika, akataka aiingize kwenye ukoo huohuo, kwa hoja kwamba mtu akisikia vizuri ya duniani lazima asikitike. Mhariri Mkuu alitusikiliza mpaka mwisho, akasema kufanana sura si ushahidi wa udugu, la sivyo yeye angekuwa dada wa waziri mmoja na angekuwa na gari. Akatuamuru tuandike kwamba asili haijathibitika, twende tukanywe chai.

Halafu kuna mtoto asiyesikia. Kadi za maana hiyo zilijaa nusu sanduku, kwa jinsi watu wanavyopenda kuisema. Mtoto asiyesikia ni mkaidi, mtoto msikivu ni yule anayetii. Nilikuwa nazipanga kwa tarehe, nikafika kwenye moja yenye mwandiko wangu mwenyewe, niliyoiandika mwaka wangu wa kwanza kazini bila kufikiri sana: «Huyu mtoto hasikii mpaka aone mkanda.» Msemaji, baba wa familia. Ni baba yetu, Mungu amrehemu, na mtoto mwenyewe ni wewe. Niliishika kadi hiyo kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Yako nyingine ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Unakumbuka mwaka juzi nilipokuja ukanitembeza kiwandani kwenu? Ulinisimamisha kando ya ule msumeno mkubwa, ukaweka kiganja juu ya meza yake ya chuma huku msumeno unazunguka, ukapaza sauti kushinda mashine ukasema unasikia meno yamechoka. Wenzako wakauzima, wakakagua, na kweli meno mawili yalikuwa yameliwa. Wakakupigia makofi, Gogo, Gogo, jina lilelile ulilopewa shuleni kwa dhihaka, sasa unalivaa kama cheo. Niliiandika sentensi yako palepale nyuma ya risiti, na baadaye nikaipeleka kwenye kadi: «Nasikia meno yamechoka.» Msemaji, fundi wa mbao, kiganja kikiwa juu ya mashine.

Nilipompelekea Mhariri Mkuu alifurahi. Alisema hiyo ndiyo kadi, siyo zile za Profesa zinazonuka wino. Kisha akauliza huyo fundi masikio yake yana nini mpaka asikie kwa mkono. Nikamjibu kama tunavyojibu sote, kwamba ni kelele za misumeno. Akavaa ile miwani ya pili. Akauliza fundi huyo ana miaka mingapi kiwandani, nikasema kumi na tisa. Akauliza kabla ya hapo alikuwa akisikia kwa kitu gani. Nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta kalamu, na kalamu ilikuwa nyuma ya sikio langu.

Nikueleze jambo jingine la ofisini, halafu nitakuja kwenu. Kosa kubwa kuliko yote kwetu si kuchelewa wala kukosea tahajia. Ni kadi ya uongo, yaani kadi yenye sentensi ambayo hakuna mtu aliyeisema. Miaka ya nyuma kulikuwa na mwandishi mmoja aliyechoka mchana mmoja, akatunga sentensi kichwani kwake, akaandika kwamba kaisema mkulima. Maana ile ikaingia kwenye kamusi. Kutoka kwenye kamusi ikaingia kwenye kitabu cha shule, na watoto wakaulizwa kwenye mtihani, wakakosa, wakaambiwa hawajui lugha yao. Ilipogundulika, Mhariri Mkuu hakuichana kadi ile. Alimtafuta yule mwandishi, akiwa ameshastaafu, mzee anatembea na fimbo, akampandisha ngazi zetu, akampa kalamu nyekundu. Mzee akaandika kwa mkono wake, kukatiza kadi nzima, IMEFUTWA, akaweka tarehe na sahihi. Ndiyo kanuni yetu. Kadi ya uongo haifutwi na mtu mwingine, inafutwa na mkono ulioiandika. Yule mzee alilia, lakini aliposhuka ngazi alikuwa anashuka vizuri kuliko alivyopanda. Niliyaona hayo kwa macho yangu, nikajisemea mimi sina kadi ya aina hiyo.

Sasa nije kwenu. Wifi alinipigia Jumanne, na nakuomba usimlaumu, maana hakupiga kusengenya. Aliniambia mwalimu wa Chiriku ameandika barua. Kwamba mtoto akiitwa kutoka nyuma hageuki. Kwamba darasani huwatazama wenzake kwanza ndipo afungue daftari. Kwamba siku hizi haongei, yeye tuliyempa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa akiamka anapiga domo na kulala anapiga domo. Mwalimu ameomba apelekwe hospitali akapimwe masikio kabla ya mwezi kwisha, la sivyo atarudishwa chekechea.

Na wewe umekataa. Wifi aliniambia umesema ni ukaidi tu, mtoto kadekezwa, ukoo huu hauna masikio mabovu. Ukasema wewe mwenyewe ulipimwa darasa la kwanza ukapita, masikio yako yameharibiwa na kazi ukubwani na hilo halirithiwi. Ukashusha lile kopo la bati juu ya kabati, ukatoa kadi yako ya afya ya shule, miaka thelathini na moja umeitunza, ukamwonyesha: Masikio, mazima. Na muhuri.

Kisha akaniambia la Jumapili. Kwamba Chiriku alikuwa sakafuni anachora, mgongo kwako, ukamwita kutoka mlangoni mara tatu na hakugeuka, nawe ukavua mkanda. Wifi anasema hukumpiga. Ulisimama nao mkononi, kisha ukatoka nje. Lakini mtoto alikuwa ameshageuka na kuuona, akakukimbilia mpaka uani akikuambia amesikia, baba, amesikia.

Mdogo wangu, ile kadi ni ya uongo. Muhuri ni wa bwana afya, lakini aliyeiandika ni mimi.

Ulikuwa na miaka saba, mimi kumi na moja. Bwana afya alikuja shuleni akapewa chumba cha mwalimu mkuu, na kila mtoto wa darasa la kwanza mwenye mkubwa wake pale shuleni aliingia naye. Alikuwa na chuma cha pembe mbili ambacho kikigongwa kinavuma taratibu. Mtoto anakalishwa kwenye kigoda akitazama mlango, bwana afya anasimama nyuma yake, na mtoto akisikia mvumo anainua mkono. Mimi niliambiwa nisimame mlangoni ili usiogope. Maelekezo aliyatoa akiwa tayari yuko nyuma yako, na hukuyasikia. Nilijua hukuyasikia kwa sababu ulinitazama mimi, kama ulivyokuwa ukinitazama mezani, dukani, barabarani, kuuliza sasa tunafanya nini. Nami nyumbani nilikuwa nimezoea kukujibu kwa nyusi. Chuma kikigongwa, nikainua nyusi, wewe ukainua mkono. Mara sita sikio la kulia, mara sita la kushoto. Wewe hukumdanganya mtu, maana hata hukujua kinachotafutwa ni nini. Ulimtii dada yako, basi. Bwana afya akasema una masikio ya paka, akapiga muhuri, nawe ukatoka mbio kuwaonyesha wenzako.

Kwa hiyo ile kadi ninayoikosa kwenye masanduku yetu yote, ya mtu aliyesikia kwa macho, nimekuwa nayo tangu utotoni. Nilimwona.

Utauliza kwa nini. Kwa miaka yote hii nimekuwa na jibu zuri la kujisimulia. Ilisemekana kwamba watakaoshindwa watapelekwa shule ya bweni mbali, warudi mara moja kwa mwaka, na mimi sikutaka uchukuliwe. Hilo ni kweli, nililia kwa ajili yake siku mbili kabla. Lakini halikuwa la kwanza. La kwanza sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu, hata katika sala nilikuwa nalizunguka.

Ulipokuwa na miaka minne tulikuwa tukicheza hospitali nyuma ya nyumba. Mimi daktari, wewe mgonjwa, na dawa ilikuwa harage. Nilikutia harage sikio la kushoto. Likaingia, halikutoka. Nikaogopa, nikachukua pini ya nywele ya mama, nikachokoa, nawe ukipiga kelele nimekuziba mdomo. Lilitoka na damu. Nikakuosha bombani, nikakupa sukari ya kulamba, nikakuapisha usiseme, na kwa umri wako ule ukasahau kweli. Mimi sikusahau. Miezi michache baadaye nikaanza kuona kwamba ukiitwa hugeuki, nikajua nimekuharibu. Bwana afya alipokuja, niliogopa ataandika masikio mabovu, mama atauliza tangu lini, na daktari atachungulia ndani aone kazi ya pini. Nilikuwa nalinda ngozi yangu, mdogo wangu. Wewe ulikuwa wa pili.

Na baada ya hapo nilikuwa nimechelewa, au nilijiambia hivyo. Umeshapimwa, u mzima, basi usipoitika ni kiburi. Walimu wakakuweka nyuma kabisa, huko ambako hata wenye masikio hawasikii. Wakakuita Gogo. Baba akakuvulia mkanda, na kila alipokuvulia nilikuwa chumba cha pili, nazihesabu njiti za kibiriti ndani ya boksi ili nisihesabu kingine. Neno moja lingetosha. Ningesema, hasikii, baba, masikio yake hayasikii kweli. Nililiweka mdomoni mara nyingi na mara zote nikalimeza. Uliacha shule darasa la sita ukasema shule si ya watu kama wewe, nami niliyekuwa napata zawadi za insha nikakaa kimya. Leo nalipwa mshahara kwa kueleza maana ya neno sikia.

Kuna jingine la kukuambia, na ndilo baya zaidi kwangu, lakini nimejiapiza kuandika kweli. Wifi aliponieleza habari za Chiriku, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa nafuu. Hakuna aliyemtia Chiriku harage. Basi pengine halikuwa harage hata kwako. Na nikakumbuka, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba nilikuchokoa sikio la kushoto tu, na wewe husikii yote mawili. Mtu mzima mwenye kazi ya kupanga ushahidi, miaka yote hiyo sikuwahi kuhesabu masikio ya ndugu yangu! Nilifurahi. Kwa muda wa kumeza funda la maji, mdogo wangu, nilifurahi kwamba mtoto wako hasikii. Kisha nikatambua ninachokifurahia, nikakaa chini kwenye ngazi za ofisi, na watu wa baiskeli wakaniletea maji wakidhani nimeanguka.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa nikaenda hospitali, kwa mtaalamu wa masikio, dada mmoja mpole asiye na haraka. Nilimweleza yote, hata harage. Akaniambia harage la sikio moja halizibi la pili. Akasema kuna familia ambazo jambo hili hupita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, lakini hawezi kusema lolote juu yenu bila kuwapima, na akasema wote wawili, si mtoto peke yake. Akasema pia mtoto wa miaka sita akijulikana mapema kuna mengi ya kufanya: vifaa vya kuvaa masikioni, mahali pa kukaa darasani, ishara za mikono, jinsi ya kusema naye. Akaniuliza wewe ulijulikana ukiwa na umri gani. Nikamwambia bado.

Nimewaandikisha Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi, wewe na Chiriku. Nitafika kwenu Jumatano kwa basi la mchana, nikiwa na kalamu nyekundu ya ofisini. Mhariri Mkuu ameniazima na hakuniuliza ya nini. Nitakuomba ulishushe lile kopo la bati, uniwekee ile kadi mezani, na mbele yako na mbele ya wifi nitaifuta kwa mkono wangu, niweke tarehe na sahihi. Usiichane kabla sijafika. Najua utataka kuichana.

Una haki ya kunikasirikia, na sitakuomba uharakishe kumaliza. Ukitaka kunifukuza nyumbani kwako, nifukuze, ila iwe Ijumaa. Ukitaka kuuliza, uliza lolote, nitakujibu nikiwa nimekutazama usoni na polepole, kama nilivyopaswa kukujibu siku zote. Ukitaka kunyamaza, nitakaa nawe kimya hichohicho. Ninasikitika, mdogo wangu. Neno hili nalo nimelitafutia kadi, na sikuona inayotosha.

Alhamisi nitawasindikiza mpaka hospitali, nitambebea Chiriku mkoba wake. Lakini jina lenu likiitwa, mtaingia ninyi wawili. Safari hii mimi nitabaki nje, na mlango ufungwe.

Mama hajui lolote kati ya haya. Nitamwambia nikirudi, kwa kuwa wewe ulistahili kujua kabla yake. Mpe wifi pole yangu na shukrani zangu, amekuwa na masikio kwa niaba ya nyumba nzima. Majirani nao wape salamu, hata yule wa jogoo.

Na Chiriku nisalimie sana. Ila usimsalimie kutoka mlangoni. Zunguka uende mbele yake, uchuchumae mpaka akuone uso na midomo, ndipo umwambie shangazi anakuja Jumatano.

Wako daima, akupendaye,

Dada yako